Msikilizaji wa Duisburg

Mtaani kwetu Duisburg, Ujerumani, ukitaka kujua Mturuki ametoka wapi huna haja ya kumuuliza. Washa king'amuzi chake, bonyeza kitufe cha redio, halafu bonyeza moja. Itakayojibu ndiyo ya kwao. Huo ni utaratibu wa Dada Şaziye, jirani yangu wa ghorofa ya chini, na nyumba zote kumi na moja anazozihudumia zinaufuata, zitake zisitake. Namba moja ni nyumbani. Kuanzia mbili mpaka tisa ni redio za nyimbo, kumi ni ya Kurani, kisha zinafuata za habari. Redio za Wajerumani anazipa themanini na kuendelea, akisema zinahitajika siku ya mafuriko tu.

Kwangu utaratibu huo ulileta balaa, kwa sababu nimeolewa. Mimi ni mtu wa Giresun, Uturuki, pwani ya Bahari Nyeusi, na mume wangu Kadir katoka Yozgat, bara kabisa, ambako mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuitazama. Tuligombania namba moja wiki mbili nzima. Şaziye alikaa jikoni kwetu akatusikiliza, akamaliza glasi nne za chai yangu, kisha akachomeka waya wa kompyuta yake nyuma ya king'amuzi na kuigawa orodha mafungu mawili, fungu la Remziye, yaani mimi, na fungu la Kadir, kila moja na namba moja yake. Tangu siku hiyo nyumba ina amani, ingawa rimoti ni moja na anayo Kadir.

Ving'amuzi vyetu vinaendeshwa na Linux, programu iliyo wazi kwa kila mtu. Ni yeye aliyetushauri tuvinunue, kwa maelezo kwamba vile vya kawaida huja na orodha iliyopangwa na watu wasiotujua, lakini hivi vinakubali kufunguliwa. Unaingia ndani kwa waya, unalikuta faili la idhaa limeandikwa mstari kwa mstari, unafuta, unahamisha, unabadilisha jina. Redio ikihamia masafa mengine kule kwenye setilaiti, na redio zetu zinapenda kuhamahama kuliko wapangaji, unaandika masafa mapya kwa mkono na orodha yako haivurugiki. Wengine tulijaribu njia ya mkato. Tulibonyeza kutafuta idhaa zote upya, na kesho yake tukawa na idhaa elfu mbili, nusu yake zinauza sufuria. Hapo ndipo ungeyasikia ya Şaziye. Alikuwa hana simile na mtu anayegusa asichokijua. Angekuuliza mbele ya wageni wako kama hata viatu vyako huwa unavitafuta kwa kuvimwaga vyote dirishani.

Lakini alikuwa na huruma zake, ila alizificha ndani ya ufundi. Redio haina picha, na ukiisikiliza kwenye televisheni king'amuzi hukuwekea picha ya kiwandani, mawimbi ya buluu yasiyo na maana. Yeye aliitoa hiyo na kumwekea kila mtu picha ya kwao. Mimi nina daraja la mawe la kijijini kwetu. Kadir ana picha ya marehemu baba yake na punda, na tukisema kweli punda katokea vizuri zaidi. Şaziye mwenyewe hakuweka chochote. Kwake redio ilipocheza kioo kilikuwa cheusi tu, na nilipomuuliza sababu alisema picha inamkatiza kusikiliza.

Alikuja Ujerumani mwaka 1973, ana miaka ishirini na minne, akaingia kiwanda cha televisheni pamoja na wanawake wengine kumi na wawili kutoka Uturuki, wakalala bweni moja. Kazi yake ilikuwa kulehemu, kutwa nzima, nyaya nyembamba chini ya taa kali. Mumewe alimfuata baadaye, akafanya kazi kwenye tanuri la chuma na kufa mapema kwa mapafu. Kiwanda nacho kilifungwa. Alichobaki nacho ni vile vidole. Ana miaka sabini na mitatu na bado anapanda kwenye stuli ya balkoni yangu kukaza dishi, mimi nimemshika sketi, Kadir anatoa maelekezo akiwa kwenye kochi.

Tulijua ana binti nyumbani. Zaidi ya hapo hatukujua, maana ukimuuliza jina la binti alikuletea chai, na ukimuuliza mara ya pili alikuletea biskuti. Mimi nilikwisha kushiba biskuti nikaacha kuuliza.

Namba moja yangu na namba moja yake zilikuwa sawa. Ilikuwa redio ndogo ya wilayani kwetu, chumba kimoja juu ya duka la mbolea, na mwenye redio aliilipia nafasi kwenye setilaiti kwa ajili yetu watu wa ughaibuni. Kila asubuhi saa nne, kwa saa ya nyumbani, aliingia mtangazaji anaitwa Nazire. Alisoma nani amefariki na atazikwa baada ya sala ipi, nani anaozesha, barabara gani imefunikwa na udongo, ng'ombe wa nani kapotea na ana alama gani sikioni. Sauti yake ni nzito kidogo na haina haraka. Akisoma msiba hashushi sauti kwa kuigiza, anausoma tu vizuri, jina la marehemu analitaja mara mbili ili wazee walipate. Mwishoni alisoma salamu za wasikilizaji.

Na humo kwenye salamu, kila Ijumaa kwa miaka kumi na moja, kulikuwa na ujumbe wa simu kutoka kwa mtu aliyejiita Msikilizaji wa Duisburg. Hakuomba wimbo, hakumsalimia mtu. Aliandika kwamba leo ishara iko asilimia sabini na nane, sauti safi, mkwaruzo hakuna. Wiki nyingine aliandika kwamba sabini na moja, kuna theluji kwenye dishi, lakini inasikika. Nazire aliusoma kama alivyosoma mengine, akasema ahsante, Msikilizaji wa Duisburg, tumefurahi. Kijijini kwetu watu walikuwa wakiusubiri waucheke. Mimi nilijua tangu wiki ya kwanza kwamba ni Şaziye, nani mwingine angeandika ujumbe wa namna hiyo. Nilidhani ni ufundi tu unamwasha.

Tena alikuwa anarekodi. Kila kipindi, kila siku, na jioni alikaa na kompyuta kukata nyimbo na matangazo ya mbolea, akaacha sauti ya Nazire peke yake. Mafaili aliyapanga kwa mwaka na mwezi. Nilimwambia siku moja kwamba nyimbo ndizo watu hurekodi na maneno ndiyo hukata. Alinijibu kwamba nyimbo zipo hata dukani.

Mwezi wa tisa, mwaka wa kumi na moja wa salamu hizo, Nazire alitangaza kwamba redio inafungwa. Mwenye redio amezeeka, watoto wake hawaitaki, mnara unazimwa. Kipindi cha mwisho ni Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi. Mimi nilisikitika kama anavyosikitika mtu yeyote, nikapiga simu kwa dada zangu tukasikitika pamoja. Şaziye alikwenda kununua diski mpya. Alikonda. Alikuja kuangalia dishi langu mara tatu ndani ya wiki mbili, dishi lisilo na kosa lolote, na kila mara alisimama mbele ya televisheni akiwa na bisibisi mkononi mpaka Nazire amalize salamu.

Sasa niieleze ile Jumapili, kwa sababu ndiyo ya kubadilisha saa. Nyumbani Uturuki waliacha siku nyingi mambo ya kusogeza saa mbele na nyuma. Wajerumani wanaendelea nayo. Kwa hiyo kipindi cha saa nne ya nyumbani, wakati wa kiangazi kwetu kinaingia saa tatu, na wakati wa baridi kinaingia saa mbili. King'amuzi ulichokiambia kirekodi kila siku saa tatu hakijui habari za Uturuki. Hiyo ndiyo hasara ya kuishi kwa saa za nchi mbili, na kila mwaka kuna nyumba inapitwa na kipindi. Ndiyo maana Jumamosi ya kuamkia siku hiyo Şaziye huzunguka nyumba zote kumi na moja, anarudisha saa moja nyuma kila mahali palipoandikwa kurekodi, anakunywa chai, anaondoka.

Kwangu alifika jioni, nyumba ya kumi na moja. Alirudisha agizo langu la kurekodi, akarudisha na lile la Kadir la mieleka ingawa Kadir alimwambia aliache, litajirekebisha. Nilimwambia abaki, tupike, asubuhi tumsikilize Nazire pamoja kabla sijaenda kazini, maana siku hizi nafanya usafi katika nyumba ya wazee na Jumapili naingia saa tatu na nusu. Alikataa. Alisema asubuhi hatakuwepo hata kwake, atakwenda kutembea kando ya Mto Rhine mpaka kipindi kiishe.

"Kipindi cha mwisho, dada, halafu wewe unakwenda kutembea?"

"Mimi kuagana siwezi, Remziye. Mashine itakaa badala yangu. Nitasikiliza baadaye, ikishapoa."

Nilimwona kituko. Mimi mwenyewe asubuhi ile nilichelewa kuamka nikakimbilia kazini bila kusikiliza, nikijua kimerekodiwa. Jumatatu nilichoka, Jumanne ikawa hivyohivyo.

Jumatano mchana alikuja. Hakuwa na mkoba wake wa vifaa. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimekaa upande na hakuvua viatu mlangoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alikaa jikoni nikamwekea chai, hakuigusa, akanieleza kwa sauti ya chini, mwanzo mpaka mwisho, kama anatoa ripoti ya kosa la mtu mwingine.

Cha kwake, cha Jumapili tu, alikuwa amekirudisha mapema, tangu Alhamisi, kwa uangalifu, ili asije akasahau. Kisha Jumamosi alizunguka nyumba kumi na moja akirudisha saa nyuma, saa nyuma, saa nyuma, na alipofika kwake amechoka mkono ukaendelea na kazi. Akarudisha tena. King'amuzi chake kikarekodi kuanzia saa moja. Jumapili alirudi kutoka mtoni hakuthubutu kulifungua faili, Jumatatu hakuthubutu, Jumanne alijikaza akalifungua. Alikuta saa nzima ya zumari na fidla za mlimani. Kwa kuwa siku zote huongeza dakika tano mwishoni kwa tahadhari, alimpata Nazire akiingia, akisema habari za asubuhi wapenzi wasikilizaji, leo ndiyo leo. Hapo ikakatika. Tangu jana alikuwa hajalala.

"Cha kwako kilirekodi?" akaniuliza.

Nikamwambia kilirekodi, ila sijasikiliza bado. Pale sebuleni Kadir akakohoa. Nimekaa na mume wangu miaka thelathini na tisa, najua kikohozi kipi ni cha mafua na kipi kinataka kusema jambo. Nilikwenda nikasimama mbele yake. Alisema nafasi ilikuwa imejaa na mieleka ilikuwa inaanza, akafuta vichache vya zamani. Nilimuuliza kama Jumapili ni zamani. Sitaandika niliyomwambia baada ya hapo.

Şaziye hakumgombeza. Hilo ndilo lililonitia hofu. Alimuuliza tu alifuta lini, na Kadir akasema jana jioni, na Şaziye akaniomba nikamletee kompyuta yake, mlango wake uko wazi. Nilishuka ngazi na kupanda bila kuvuta pumzi.

Alichomeka waya. Kioo kikawa cheusi na maandishi meupe, akaanza kuandika kwa vidole viwili, polepole, mstari mmoja, kisha mwingine. Aliniambia bila kunitazama kwamba kwenye ving'amuzi hivi ukifuta kitu hakifi papo hapo. Kinatupwa kwenye kijalala kilichofichwa, kinakaa siku chache mpaka mashine iamue kufagia. Kwenye kijalala cha nyumba yetu mlikuwa na vipindi vya mapishi ambavyo Kadir alikuwa ameapa hajavigusa. Tulivihesabu vyote tukisogea chini. Halafu likatokea jina la redio yetu na tarehe ya Jumapili. Şaziye akalishika kwa maandishi, akalirudisha mahali pake, akafunga kompyuta na kuweka mikono juu ya kifuniko.

"Mwambie Kadir atupishe," akasema.

Kadir alikwenda balkoni mwenyewe bila kufukuzwa, akafunga mlango wa kioo.

"Yule Nazire ni wangu," akasema Şaziye. "Ndiye binti yangu."

Kwanza nilikasirika, nisifiche. Miaka kumi na moja nimekaa naye nikimsifu yule mtangazaji, nikisema laiti angekuwa ndugu yangu, na yeye ananimiminia chai. Kisha nikamtazama uso wake na hasira ikaniisha.

Alinieleza. Alipoondoka alimwacha Nazire kwa mama mkwe, ana miaka mitano. Ilikuwa iwe mwaka mmoja. Bweni halikuruhusu watoto. Baadaye chumba kilikuwa kimoja. Baadaye mumewe akaugua. Na kila mwaka alisema mwakani. Alikwenda nyumbani kila kiangazi wiki nne, na kila kiangazi mtoto alimzoea wiki ya tatu. Bibi ndiye aliyeitwa mama. Yeye, mtoto alimwita Dada Şaziye, kama alivyosikia mashangazi wakimwita. Nazire alipofika miaka kumi, Şaziye alikata shauri kumchukua, tiketi ya mtoto mkononi. Mtoto akajifungia kwenye ghala la njugu, hakutoka mpaka basi likaondoka. Şaziye hakujaribu tena. Tangu hapo wanapigiana simu siku ya Idi. Huulizana mvua inanyesha, njugu zimezaa, miguu inauma. Dakika tatu, zikizidi nne.

"Halafu siku moja nikiwa napanga orodha ya mtu," akasema, "nikafungua redio mpya nisikie kama ina mkwaruzo. Nikamsikia anaongea. Anaongea saa nzima, Remziye. Mimi sijawahi kumsikia akiongea saa nzima."

Nilichukua rimoti. Yeye alisogeza kiti karibu na televisheni, akanikubalia kwa kichwa. Daraja letu la mawe likatokea kwenye kioo na sauti ya Nazire ikaingia.

Kipindi kilikuwa kama vingine vyote. Wawili walikuwa wamefariki, arusi ilikuwa moja, barabara ya juu imefungwa. Alimshukuru mwenye redio, akawashukuru mafundi. Salamu zilikuwa nyingi siku hiyo, za kutoka Istanbul, Vienna na Ubelgiji, akazisoma zote. Tulidhani amemaliza. Ndipo alipokunywa maji, tukasikia glasi ikiwekwa mezani.

"Nimebakiwa na mtu mmoja," akasema. "Msikilizaji wa Duisburg. Wiki hii hukuandika. Nataka ujue kwamba namba yako naijua tangu ujumbe wa kwanza. Ndiyo namba inayonipigia siku ya Idi. Miaka kumi na moja umenieleza unavyonisikia, asilimia ngapi, na mimi nikasema ahsante, kwa sababu sikujua niseme nini kingine mbele ya watu. Kuanzia leo hapa hutanisikia tena. Kesho Jumatatu siendi popote. Nitakuwa nyumbani kutwa, simu iko mezani. Sitapiga mimi."

Kisha akawaaga wasikilizaji wote, ukaingia wimbo, na baada ya wimbo redio ikanyamaza.

Ningekuwa na moyo wa kucheka ningecheka. Mwanamke anayejua kwa kichwa masafa ya idhaa mia mbili hakufikiria kwamba ujumbe wa simu hubeba namba ya mwenyewe. Yeye hakucheka wala hakulia. Alibaki anakitazama kioo.

"Leo ni siku gani?" akaniuliza.

"Jumatano, dada."

Nilimwona akihesabu, ingawa hapakuwa na cha kuhesabu. Alisema atakwenda kwake ajitayarishe kwanza, labda apige kesho, labda wakati wa Idi. Nikamwambia ukitoka mlango huu bila kupiga, orodha yangu nitaivuruga yote kwa mkono wangu na sitakuita uipange. Sijui kwa nini nilisema hivyo, lakini lilimfikia. Alitoa simu. Sikio lake la kulia halisikii vizuri tangu kiwandani, kwa hiyo huongea na spika wazi, na mimi nikasimama kutoka. Alinishika mkono nikakaa.

Iliita mara nne.

"Alo," ikasema ile sauti, pale jikoni kwangu, bila redio.

Şaziye alisogeza simu karibu na mdomo.

"Dada Şaziye," akasema Nazire. Alimwita dada, kama mimi ninavyomwita. "Najua ni wewe. Namba inaonekana."

"Nilikosea saa," akasema Şaziye. "Nilirudisha mara mbili. Leo ndiyo nimekusikia, kwa jirani."

"Jumatatu nilikaa kutwa. Jumanne nikasema labda hakusikia. Leo nilikuwa nasema labda alisikia."

"Sikusikia, mwanangu. Wallahi sikusikia."

"Haya."

Nilianza kuogopa kwamba sasa itaingia mvua na njugu. Şaziye naye nadhani aliogopa hilohilo, kwa sababu alisema kwa haraka:

"Nisomee kitu, basi. Chochote. Hata kilichoandikwa kwenye mfuko wa mkate."

Nazire alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Mimi nimeongea miaka kumi na moja," akasema. "Wewe unanipa dakika tatu za Idi. Sasa sema wewe. Leo nasikiliza mimi."

Şaziye alinitazama nimsaidie. Nikatazama kitambaa cha meza. Nje balkoni Kadir alikuwa ametugeuzia mgongo, ameinua kola ya shati kwa baridi, na hakugonga kioo aingie. Nilisikia friji ikinguruma. Kisha Şaziye akaanza kusema, si kwa ile sauti yake ya kugombeza watu, kwa sauti nyingine ambayo sikuwahi kuisikia.

"Siku ninaondoka ulikuwa umelala. Basi lilikuwa la alfajiri. Soksi yako moja ilikuwa imetoka mguuni, nikakuvisha. Bibi yako alisema nisikuamshe, utalia, na mimi nitashindwa kwenda. Nikasimama mlangoni na sanduku. Nilitaka uamke, Nazire. Nilikohoa makusudi. Nikagonga sanduku mlangoni, mara mbili, hukuamka. Ungeamka nisingekwenda."

Nilidhani simu imekatika, nikainama kuangalia, na sekunde zilikuwa bado zinahesabu.

"Sikuwa nimelala," akasema Nazire. "Bibi aliniambia nikifumba macho mpaka utoke, utarudi upesi."